Mnufaika Aliyetangulia

Baba alikata bima ya maisha kabla hajaoa. Penye jina la mnufaika aliandika la mama yake. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumwachia. Bibi akafa. Baba akaoa, akanipata mimi, binti pekee, na mshahara wake ukaendelea kukatwa bima mpaka moyo wake uliposimama akiwa kazini Dodoma. Jina lilibaki la bibi.

Si kwamba hakukumbushwa. Tulikuwa tunakula, kwenye vyumba vyetu vya kupanga Chang'ombe ya Dodoma, mama akaligusia jambo hilo. Baba akasukuma sahani.

"Mbona unanichuria? Umeniona naumwa?"

Kwetu anayetaja kifo cha mtu aliye hai huonekana anakiita. Mama hakurudia tena.

Mama alikuwa na kuta za nyumba Nkuhungu, mjini humo humo, kwenye kiwanja alichonunua kwa kuuza vitenge. Zilikosa paa tu. Fedha za bima ndizo zingekuwa paa hilo. Bila hizo, kodi ya Chang'ombe ikiisha, angebaki Kondoa kwa wakwe zake, tulikokuwa tumempeleka kukaa eda.

Dada wa madai kwenye kampuni ya bima alisoma hati, akasoma cheti cha kifo, kisha akarudia hati.

"Pole sana, mdogo wangu. Mnufaika alitangulia kabla ya mwenye bima. Fedha zinaingia kwenye mirathi. Ukoo ukae, uteue msimamizi, mahakama imthibitishe, ndipo mje."

"Mke wake wa ndoa yupo hai."

"Yupo, lakini hakuandikwa."

Ukoo ukakaa Kondoa, kwenye mkeka wa baba mkubwa. Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, akisikia kila neno. Jina la msimamizi lilikuwa limeshaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kabla sijavua viatu: baba mkubwa mwenyewe.

"Kwa nini asiwe mama?" niliuliza.

"Mjane yuko edani. Atakwendaje mahakamani?"

"Basi tusubiri eda iishe."

Baba mdogo akaangua kicheko. "Msomi huyu! Hata wali wa msiba anauliza umelimwa shamba la nani."

Wakacheka wote, isipokuwa baba mkubwa.

"Binti yangu, hatumdhulumu mtu. Mama yako atapata fungu lake, wewe lako, na sisi ndugu letu, maana marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Ndivyo sheria ya dini yetu ilivyo. Na hilo utalibishia?"

Nimebishia mengi. Lakini nilijua fungu la mjane ni dogo kuliko yote pale, nikajua pia kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningempata mwizi, ningempigia kelele. Nilikuta watu wanaofuata utaratibu, na baba yangu aliyeogopa uchuro.

"Fungu langu nampa mama," nilisema, ingawa hata mafungu yetu mawili yakiunganishwa yasingefikia bei ya paa.

"Ni hiari yako," baba mkubwa akajibu. "Hata hivyo, mashemeji zake tupo. Chumba alimo ni chake, akae hata maisha yake yote."

Alisema kwa upendo. Pazia halikutikisika. Kisha mama akaniita, sauti yake kavu kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Mwanangu, weka saini kwenye muhtasari wao, wazee wakapumzike. Na ukirudi Dodoma, mwambie fundi wa paa atafute kazi nyingine."