Athanasie na Mfumo Usiomjua Baba Yake

Athanasie Ndayizeye wa Ugalla ana miaka arobaini na mmoja, ekari sita za mahindi, mizinga ishirini na miwili ya nyuki, na baba mmoja. Hilo la baba naliweka mapema, kwa sababu kuna shirika kubwa la wakulima, lenye lifti na idara saba, lililochukua karibu mwaka mzima kulibishia.

Baba yake alikuwa Siméon Bizimana. Kwa familia zilizotoka Burundi, mtoto harithi jina la baba. Hupewa lake mwenyewe, mara nyingi lenye maana ya sala nzima. Nyumba moja ina majina manane na baba mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kupotea njia ya kurudi kwao.

Siméon alipofariki Januari, Athanasie alikwenda Mpanda mjini, kwenye tawi la Shirika, kuhamisha uanachama wa mzee. Bila uanachama hakuna mbolea, na bila mbolea ekari zile huzaa mabua ya kuchokonolea meno. Karani Rosine akabofya. Mfumo ukajibu kwa maandishi mekundu: jina la mrithi halilingani na la baba.

"Usijali, dada," Rosine akasema. "Naandika ombi, makao makuu watarekebisha. Mpaka mvua ya kwanza ya msimu ujao utakuwa umeshasahau."

Rosine aliandika vizuri: Mwanachama hatumii jina la baba yake, ni mila ya huku, tafadhali ondoeni sharti hili. Ofisi ya kanda, ambayo kisanduku chake cha maelezo hakipokei zaidi ya maneno matano, ikafupisha: Mwanachama hana jina la baba. Mchambuzi wa makao makuu, mtu mwenye shughuli zake, akafupisha tena: Wanachama wasio na baba. Kamati ya mabadiliko ikakaa kimya miezi mitatu, maana wajumbe walikuwa kwenye semina ya kuharakisha huduma. Waandika programu wakaandika walichoambiwa. Waliopewa kazi ya kujaribu wakajaribu kwa mkulima wa kubuni, Jaribio Jaribio, mtoto wa Jaribio, akapita bila hata kupiga chafya.

Watu wote hao, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu akamuuliza Rosine: ulikuwa unasemaje? Namba yake ilikuwa juu ya fomu! Lakini ukishakuwa na kiti kinachozunguka, kumpigia karani wa Mpanda ni kujishusha.

Desemba toleo jipya la mfumo likaja Mpanda na keki, fulana, na mhandisi Gabrieli kutoka makao makuu. Mvua ilikuwa imeshapiga wiki tatu; mahindi ya Athanasie yalikuwa yamechipua, ya manjano, yanatia huruma. Akaitwa mbele ya ukumbi wa tawi awe wa kwanza kuhudumiwa, pamoja na mama yake Joséline, mjane, kama shahidi. Skrini ikamulikwa ukutani, ukumbi mzima unasoma.

Mfumo sasa uliruhusu majina tofauti. Ulitaka sababu tu, nazo zilikuwa tatu: Mtoto wa nje ya ndoa. Mtoto wa kuasiliwa. Baba hajulikani.

Ukumbi ukacheka, kisha ukaacha.

"Mila iko wapi?" Rosine akauliza.

"Itaingia toleo lijalo," Gabrieli akasema. "Mama, nyie chagueni yoyote. Ni kwenye mfumo tu."

"Wewe," Joséline akamwambia, "mama yako yupo?"

"Yupo, mama."

"Mpigie. Muulize angekuchagulia ipi."

Gabrieli akanywa maji.

"Mama, twende zetu," Athanasie akasema. "Siwezi kumwandika baba hivyo."

"Halafu tukayamwagie mahindi hasira?" Joséline hakushusha sauti. "Mimi nilivaa shela mbele ya padri, watu wakala siku mbili. Siméon anajua. Mungu anajua. Mahindi ndiyo hayajui. Bonyeza ya kwanza."

Athanasie akabonyeza. Karatasi ikatoka, mifuko sita ya mbolea ikaletwa, na ukumbi, ukiongozwa na Gabrieli, ukapiga makofi.

Joséline akageuka akawatazama mmoja mmoja, mpaka makofi yakafa. Halafu akainama, akashika pembe mbili za mfuko wa kwanza, akamwambia binti yake ashike upande wa pili.