Cha Kushoto na cha Kulia

Mafundi viatu wawili, mtaa mzima uliwaita Gundi na Msumari, walikaa benchi moja miaka thelathini na moja. Kila jozi waligawana: Gundi alishona kiatu cha kushoto, Msumari cha kulia. Mteja akilalamika, aliwalalamikia wote wawili. Siku hizi nani anafanya kazi hivyo? Kila mtu na lake.

Asubuhi hiyo Gundi alikwenda kazini akiburuta miguu. Jana jioni alimwona bintiye kwenye televisheni, katika lile shindano la vijana wanaofungiwa nyumba moja na kamera. Binti aliambiwa amtaje wa kutolewa, akamtaja binti wa Msumari, msichana aliyelala naye godoro moja tangu hawajaota meno. Na alitabasamu. "Ni mchezo tu," akasema. Zamani rafiki ukimsema, ulimsema usoni. Sasa watu wamejengewa chumba maalumu cha kusengenyea, kina taa na mapambo.

Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi. Shemeji yake Msumari alikuwa anamwita siku nyingi akafungue kibanda chake mwenyewe sokoni. Msumari akikasirika leo, basi ameondoka.

Alimkuta ameweka nyundo mapajani, hagongi kitu.

"Umeamkaje, ndugu yangu?"

"Nimeamka tu."

"Jana uliangalia?"

"Niliangalia."

"Nisamehe. Mama yake angekuwa hai, angemfuata humo humo kwenye televisheni amchape."

Msumari hakucheka. "Na wiki iliyopita wewe uliangalia?"

"Nilisinzia kwenye kiti. Kwani?"

"Wangu alimtaja wako. Kura chache tu zaidi zingemtoa."

Gundi akakumbuka chai. Wiki nzima mwenzake alimletea chai kila asubuhi, sukari tele kama anavyopenda, naye akadhani uzee umemlainisha.

"Kumbe ile chai..."

"Mdomo ulikuwa mzito."

"Siku sita umekaa ubavuni kwangu, na huku unajua?"

"Ningeanzia wapi?"

Hilo lilimchoma Gundi kuliko la watoto. Watoto angalau walisema, tena mbele ya nchi nzima.

Mwanamke mmoja akaleta viatu vilivyoachia soli, akaondoka. Msumari akachukua cha kulia. Cha kushoto akakiweka katikati ya benchi, hakukisogeza zaidi. Gundi alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka, kwa umri wake angeanza na nani tena? Akakichukua.

Walishona hadi jua likafika miguuni mwao.

"Chai usilete tena," Gundi akasema.

"Sileti."

"Na ukijua jambo, sema."

Msumari akakata uzi kwa meno. "Shemeji kaniita tena. Kibanda kiko tayari."

Sindano ya Gundi ikasimama. "Kakuita lini?"

"Jana, baada ya lile shindano."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia mimi najua kushona cha kulia tu."