Gari la Kofia

Juzi nilipita kwa fundi viatu pale stendi ya Korogwe. Akafungua kopo la gundi, nikajikuta nimeshika nguzo ya kibanda chake. Akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi. Ningemwelezaje kwamba harufu ile ilinirudisha ndani ya gari, nina miaka minane, maji yananitiririka mgongoni?

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona viti vya mabasi na maturubai ya malori. Kwao Kang'ata, kule Handeni kwenye ukame, na ninyi mnaowajua watu wa Handeni mnajua wanavyoyaheshimu maji. Bibi yangu akikuta ndoo inavuja, anaiziba kwanza ndipo anaitikia shikamoo yako. Baba alilelewa hivyo. Tundu kwake lilikuwa adui, na methali yake ilikuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliitumia hata kwenye soksi.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenitia hofu ya maji. Mtoto wa jirani yake alizama kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, na kila nikienda likizo alinisimulia upya, kisha anamalizia kwa kusema maji hayazoeleki. Nilikuwa naogopa hata beseni.

Basi siku moja akaja Mzee Mbelwa kutoka Vugiri, na gari ambalo mwanawe alimletea kutoka Dar. Lilikuwa jekundu, dogo, na paa lake la turubai jeusi linakunjwa nyuma ya viti. Watoto tuliliita gari la kofia. Ni nani mwenye akili zake anayepeleka gari la kofia Vugiri, ambako mvua haiombi ruhusa? Ndani zulia lilikuwa limeoza, viti vinanuka uvundo. Mzee alitaka limbebe binti yake siku ya harusi, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na shela isilowe.

Baba alishona paa jipya wiki nzima. Akapaka gundi kwenye kila mshono, akabadilisha mipira ya madirishani. Halafu, chini kabisa, pale paa linapokunjiwa, akaona mfereji mwembamba wenye tundu kila mwisho, na maji yakidondoka kutoka humo hadi chini ya gari. Akafurahi kama aliyemkamata mwizi. Akayaziba yote mawili kwa lami.

Ikabaki kujaribu. Alitaka mtu akae ndani wakati yeye anamwagia maji kwa mpira, aweke alama ya chaki kila penye tone. Mimi ndiye niliyeweza kujikunja nyuma ya viti. Akanipa tochi na chaki, akasema, "Usiogope, mama. Baba nipo hapa hapa."

Naogopa hadi leo nikisimulia. Milango alikuwa ameifungua ngozi yake ya ndani kutafuta maji yanakopita, vipini vya kufungulia viko mezani kwake. Aliponifungia, sikuwa na cha kushika. Madirisha aliyafunika turubai chakavu ili rangi isichubuliwe na mpira. Giza, harufu ya gundi, na juu yangu mngurumo wa maji. Nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, nikachanganya na ya kula.

Paa halikuvuja. Nilianza hata kujivuna. Kumbe maji yalikuwa yanajikusanya kwenye ule mfereji, yamenyimwa pa kutokea, na ulipojaa yakanimwagikia yote kwa pamoja, kuanzia shingoni. Tochi ikazima. Nikajua ndiyo lambo limenifuata. Nilipiga kelele sijui kwa lugha gani. Maji yakaendelea kuja, nikayasikia yakipanda kwenye zulia, nami nikawa napiga mlango kwa viganja.

Nikasikia kipini cha nje kikivutwa, kikivutwa tena, kisha kikavunjika. Mlango wa pili ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Baba akawa ananiita, sauti yake si ile niliyoizoea. Kioo angekivunja kingenirukia usoni. Ghafla, juu ya kichwa changu, kikapenya kisu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maji niliyasahau. Nililiona lile jani la chuma linakata turubai na kunijia, mwanga ukiingia nyuma yake, nikaamini baba amekasirika na anakuja kuniua. Akanivuta nje kwa kwapa. Gauni langu lilikuwa na madoa mekundu, nikadhani ni udongo wetu. Aliketi juu ya tairi, mkono mmoja ameufunga tambara.

Mzee Mbelwa alipokuja akakuta paa jipya limechanwa katikati. Akauliza nani kafanya hivi. Baba akajibu, "Mimi. Mtoto wangu alikuwa ndani." Mzee akanitazama, akatazama paa, akasema basi tutalikunja, bibi harusi watu wamwone. Baba akatoa lami kwa spoku ya baiskeli mpaka matundu yakapumua. Tangu siku hiyo ile methali sikuisikia tena kinywani mwake.

Kwa miaka mingi nilikiogopa kile kisu. Kikiwa mezani, mimi napita mbali. Mpaka baba alipougua, nikawa ninamwogesha, nikaufungua mkono wake wa kushoto na kuona kovu limekata kiganja kutoka upande hadi upande. Nilimuuliza ni la kazi gani. Akasema amesahau.

Nikakumbuka. Kabla ya kukata, aliingiza kwanza mkono wake kwenye tundu dogo alilotoboa kwa ncha ya kisu, kiganja juu, kati ya makali na kichwa changu. Kisha akachana paa lote juu ya mkono wake mwenyewe.