Askari Aliyegeuka Nyuma

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, wakati wa vita na Mjapani, nimeketi juu ya debe nje ya mkahawa wa chai kule Changamwe, watu wamenizunguka wananitazama mdomo. Nilikuwa kijana wa kupakua mizigo bandarini. Shule niliiachia darasa la pili, na sioni haya kusema, maana nyumba hii mnayolala nimeijenga bila cheti. Lakini katika landhi yetu, zile safu za vyumba vya vibarua, mjuzi wa kusoma nilikuwa peke yangu. Basi nikajiona waziri.

Mwenye mkahawa alifungia mahamri kwa magazeti ya zamani. Siku hiyo yangu yalikuja na hadithi ya askari wa huko Bama, nchi ya Burma. Nikaisoma kwa sauti. Askari wanavuka mto, adui yu nyuma yao. Mmoja wao, mrefu, mkimya, hadithi haimtaji jina, amekwisha fika ng'ambo salama. Mara anageuka, anarudi mtoni, anazama ndani ya matete. Bunduki inalia mara moja.

Hapo karatasi ikaisha.

Nami, badala ya kusema imeisha, nikaikunja nikaitia mfukoni. "Yaliyobaki kesho!"

"Aa, wacha maringo, tumalizie!" wakapiga kelele.

"Amalizie nini?" akasema kuli mwenzangu mmoja. "Huyo mwoga, anakwenda kujisalimisha." Tukacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, nikasema risasi ile imemtosha.

Mama Charo hakucheka. Alikuwa jirani yetu, muuza mihogo. Mwanawe Charo alikuwa huko huko Bama, na barua zake zilikatika tangu masika.

"Wewe umesoma, lakini hukusikia," akaniambia. "Si umesoma hapo mwanzo, maji yalipokuwa haba alimpa mwenziwe kwanza? Mtu wa hivyo harudi nyuma kwa woga. Kuna mwenziwe amebaki kwenye matete." Akafunika mihogo yake. "Charo wangu ndivyo alivyo. Mbuzi mmoja akibaki malishoni, hali mpaka amfuate. Sasa huo mlio, mwanangu, umempata nani?"

"Kesho, mama."

Nilikwenda kuitafuta karatasi ya pili. Mwenye mkahawa akanicheka: ilishaondoka na mahamri ya mtu, pengine imewashia jiko. Ningesema hivyo, yangeisha. Lakini fahari ilinizuia. Jumatatu mama akaja mlangoni, nikamwambia kesho. Jumanne, kesho. Kila mara alinitazama usoni kwa muda mrefu, akaondoka. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane naye.

Alhamisi natoka kazini, nikaona jiko lake baridi, mkeka umetandikwa nje, wanawake wanaongea kwa sauti za chini kama za matangani. Mzee Tsuma, mnyapara wetu, akanishika mkono.

"Karatasi ya pili iko wapi?"

"Ipo, mzee."

"Nionyeshe."

Nikajipapasa mifuko.

"Huna," akasema. "Na huyu mama siku ya tatu leo chakula hakimpiti. Hivi wewe si wa pwani hii? Hujui msiba kwetu hauambiwi mtu waziwazi? Huzungushwa, huambiwa kesho, mpaka wazee wafike. Wewe umemwambia kesho mara tatu. Yeye ameelewa nini? Kwamba Charo amekufa. Nenda, mpumbavu we, kabla hajapiga ukelele."

Nikaenda, nikapiga magoti kwenye mkeka. "Shikamoo mama. Karatasi sina. Mwisho siujui. Sikuwahi kuujua."

Akaniinamia. "Na Charo? Hujaletewa habari yake?"

"Wallahi sina habari, mama. Sina lolote."

Akashusha pumzi. "Ungesema Jumapili, Jumanne ningekula." Akaomba uji.

Habari ya Charo tuliingoja miezi mingi baada ya hapo, kwa hofu, lakini tuliingoja pamoja. Vita vikaisha. Siku askari walipofika tulisimama kwenye stesheni ya gari la moshi. Charo akashuka, mrefu kama zamani, akamwona mamake, akatabasamu. Halafu akageuka, akarudi ndani ya behewa. Mimi nikashtuka, nikamshika mama bega.

"Mngoje," akasema, wala hakutikisika.

Charo akatoka amemshika mkono mwenziwe aliyefungwa kitambaa machoni.

Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa na herufi tu. Ukisoma hadithi, au ukimsoma jirani yako, usimhukumu mtu kwa hatua moja aliyogeuka nyuma. Tazama kwanza alivyogawa maji. Na usilolijua, sema hulijui, siku ile ile. Kumning'iniza msikilizaji ni utamu wa hadithi, sikatai, lakini kabla hujafanya hivyo tazama nani amekaa mbele yako na ana mtu wake wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha karatasi, nusura nimkalishe mama matanga ya mtu aliye hai.

Mungu akupe jicho la Mama Charo, akupe na ulimi mwepesi wa kusema sijui. Na siku ukibaki kwenye matete, akupe mtu wa kugeuka nyuma kwa ajili yako. Amina.