Kuku wa Mamamkwe na Maji ya Tumboni

Mamamkwe wangu hakuwahi kuniuliza kama namtunza binti yake. Aliulizia kuku. Kuku mwenyewe alikuwa jike jekundu alilotuletea yeye siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na kila Jumapili, akitoka misa kule kwao Runingu, alipiga simu kwa ajili yake. "Kuku yangu anakula? Analala wapi? Hamumupigi?" Sasa jamani, nani anampiga kuku? Lakini nilimwelewa. Yeye ni mkulima wa bondeni, Mkatoliki, na binti yake wa pekee ameolewa na Mwislamu wa mtaa wa Songo, muuza vitenge, mtoto wa watu walioanza biashara kando ya ziwa tangu enzi za mababu. Adabu ya ukwe haikumruhusu kunihoji waziwazi. Basi nilipomjibu habari za kuku, alipokea habari za mke wangu, na mimi nilijibu kwa mbwembwe zote.

Mbwembwe hizo ndizo zilizoniponza. Kuku alianza kujaa tumbo. Akatembea ametanua miguu kama bata, tumbo likikaribia kufagia ua. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikashika simu: "Mama, kuku amenenepa! Tumbo linafika chini!" Akacheka, na wallahi sikuwahi kumsikia akicheka. "Aa! Basi minye mwenyewe nitakuja Jumapili nimubebe, nimupime mu mikono yangu."

Mke wangu hakucheka. "Unene gani huu wa kuku asiyetaga?" aliniuliza. Akanionyesha upanga wa kichwani, uliokuwa mwekundu na sasa umeiva kama zambarau. Akanionyesha mdomo: kuku alikuwa akihema kwa mdomo wazi, na hata jua halijapanda. Tulidhani yai limekwama. Tukamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akatulia humo kama bibi harusi, lakini yai halikutoka. Ndipo mke wangu akauvuta mkono wangu. "Shika hapa." Ngozi ya tumbo ilikuwa ya moto, nyekundu, manyoya yameisha, na nilipobonyeza kidogo nikahisi maji yanacheza ndani, kama mfuko wa plastiki uliojazwa bombani. "Sasa shika hapa." Akaupeleka mkono wangu kifuani. Mfupa ulikuwa umechongoka. Chini amejaa, juu amekwisha.

Kaka yangu alipita, akamtazama, akasema tumchinje upesi kabla hajawa mzoga. Kwetu ndivyo, mnyama akilegea tu kila mtu anatafuta kisu, ili nyama isiharamike. Nikamwambia, "Kuku wa mamamkwe? Mchinje weye, kisha umupigie simu weye." Akaenda zake.

Mama veterinere anayetibu mbuzi wa mtaa wetu alikuja Ijumaa. Alimpapasa kwa vidole viwili, bila haraka. "Si yai. Yai ungelisikia gumu, na angekuwa anajikamua. Si mafuta. Iko maji mu tumbo." Yalitokana na moyo, ini au mayai yaliyomwagikia ndani, hakuweza kujua bila kumpasua. Angeweza kuyatoa kwa sindano, polepole, na si yote kwa mara moja, maana kuku anaweza kuzimia. Hiyo ingempa nafasi ya kupumua. Lakini maji yangerudi, alisema, na asingependa tujidanganye.

Nikamuuliza, "Ukiyatoa atabaki vipi?"

"Atabaki mifupa. Ndiyo hali yake ya kweli."

Nikaiona Jumapili inakuja. Mama yule akimbeba kuku mwepesi kama ufagio, atafikiri nini? Atafikiri binti yake anashinda njaa kwangu. Nikasema, "Basi tungoje mpaka Jumatatu." Mke wangu alinigeukia. "Yaani ashindwe kupumua ili weye upate sifa?" Nikanuna. Nikaenda dukani kwangu Kalundu nikiwa nimenuna, nikapima vitenge vibaya mchana kutwa.

Jioni niliporudi, kuku hakunikimbilia. Kila siku alinipokea mlangoni, kwa sababu mfukoni sikosi punje za mahindi. Safari hii aliinua shingo, akajaribu kusimama, akarudi kukaa. Akaniangalia mdomo wazi. Yaani nilijiona mtu wa hovyo kabisa. Nikamwambia mke wangu, "Mwite veterinere. Sasa hivi."

Nilimshika mwenyewe mapajani, nimemfunika kichwa kwa kanga. Sindano iliingia chini ya tumbo, upande wa kulia, na maji yakatoka ya njano kama chai iliyochujwa mara ya pili. Moyo wa kuku ulinigonga kiganjani. Veterinere hakuyamaliza, akaacha sehemu ya maji humo humo. Kuku alifunga mdomo. Akapumua kwa pua. Alipoonja wali laini mkononi mwangu niligeuza uso, maana macho yalikuwa yamenijaa. Tulimtandikia nyasi kavu sakafuni asipate kazi ya kuruka.

Jumapili mamamkwe akafika, akakaa upande wake wa mkeka, mimi upande wangu, macho chini. "Kuku yangu iko wapi?" Mke wangu akamletea. Alimwinua, na nikaona mabega yake yakishtuka kwa wepesi ule. Mkono ukateleza kifuani, ukakuta mfupa. Akamtazama binti yake, mikono yake, shingo yake. Kwa adabu, mke wangu ndiye aliyepaswa kunisemea. Nikashindwa kungoja.

"Mama, unene ule niliojisifia ulikuwa maji. Iko mgonjwa. Tuliyatoa juzi, na yatarudi. Minye sikujua, lakini nilitaka kungoja uje kwanza umukute mzito. Niliogopa utafikiri binti yako anateseka hapa."

Akapapasa tumbo mpaka akapata alama ya sindano. "Nani alimushika?"

"Minye, mama. Mapajani."

Mama huyu, tangu nioe, kwa adabu ile ya ukwe kitu cha kunipa hukiweka chini, nami nakiokota akishaondoa mkono. Safari hii aliinuka, akavuka mkeka, akamlaza kuku kwenye mikono yangu, na viganja vyake vikabaki chini ya vyangu mpaka nilipomkamata vizuri.

"Shika, mwana wangu," alisema. "Polepole ku ule upande. Bado inamuuma."