Mkono Uliposimama

Mtaani Kabondo, mjini Kisangani, watu humsifu Mama Rachida kwa mbali. Ukikutana naye sokoni atakusalimu vizuri, atakuulizia watoto, atakuchagulia mihogo isiyo na nyuzi. Lakini nyumbani kwake huendi kama hujatumwa. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akiosha maiti za wanawake wa Kiislamu, na ubao wake wa kuoshea hulala uani chini ya bati, mchana kweupe, kama kinu kinavyokaa uani kwa wenzake. Hakuna aliyemwona akiuficha. Na hakuna aliyemsikia hata siku moja akisimulia alichokikuta juu yake. Mwosha maiti husitiri. Akisema, ni sawa na kumvua marehemu nguo barabarani. Wambea wa Kabondo, ambao hawashindwi na mengi, walishakata tamaa naye zamani. Yeye mwenyewe husema mwosha huoshwa, basi anawafanyia watu kama anavyotaka afanyiwe.

Ndimo alimofikia Mwamvita, mshonaji kutoka Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika. Mama yake na Mama Rachida walikuwa watoto wa ndugu wawili. Alikuja kwa siku kumi tu, kuzuru kaburi la mdogo wake Safiya, aliyeolewa Kisangani na fundi makochi aitwaye Issa. Mwaka uliopita Issa alikuwa amepiga simu Ujiji: homa, siku tatu, Mungu amempenda zaidi. Safiya alizikwa kabla ndugu zake hawajapata hata nauli ya Bujumbura. Mwamvita hakuamini. Katika miezi ya mwisho sauti ya Safiya kwenye simu ilikuwa imeanza kupungua na kuchagua maneno. Alitaka kujua jambo moja: mdogo wake aliuawa na homa, au na mkono wa mume? Mama yao alikuwa amekaa Ujiji bila kumsamehe Issa wala kumlaani, akingoja jibu hilo.

Siku nane aliuliza. Majirani walisema homa. Msikitini walisema homa. Issa mwenyewe, mtu mpole, msafi, kola imenyooka, alisema homa na machozi yakamtoka. Mama Rachida, aliyemwosha Safiya kwa mikono yake miwili, ndiye peke yake ambaye hakusema hata homa.

"Mutu mwenye anasafisha mufu, hasemake kile aliona," alimwambia. "Usiniulize tena, mutoto yangu."

Mwamvita hakuuliza tena. Alimchukia kidogo, akahesabu siku za kuondoka.

Siku ya tisa akaanguka mlangoni. Docteur Nicolas alikuja, akampima, akasema ni homa ya matumbo, na kwamba utumbo wake umekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Ndege ya uwanja wa Bangboka aisahau kwa wiki sita, akitaka kufika kwao akiwa hai. Ikabidi Mama Rachida apeleke pasipoti ya mgeni wake kwa watu wa uhamiaji, ikaongezwe muda. Watoto wa jirani wakawa wanachungulia uani kila asubuhi kuona kama ameshakufa, kwa sababu katika nyumba ile walikuwa wamezoea kwamba anayelazwa haamki.

Mchana, joto lilipopanda, Mama Rachida alimkanda kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Ana desturi yake: hamgeuzi mtu bila kumwambia, awe anasikia au hasikii. "Sasa ninakugeuza, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ninainua mukono. Pole." Mwamvita alisikia maneno hayo kwa mbali, na kuna saa hakuwa na hakika yuko upande gani, wa walio hai au wa wafu.

Halafu akaligundua jambo. Mkono ule ulikuwa unasimama. Ulishuka shavuni, ukafika nyuma ya sikio la kushoto, ukatulia kama unaosikiliza kitu. Ukaendelea. Ulipofika ubavu wa kulia, chini ya ziwa, ukatulia tena. Ukaendelea hadi kifundo cha mkono wa kulia, ukatulia mara ya tatu. Kesho yake ikawa palepale, na keshokutwa palepale. Mwanzoni Mwamvita alidhani ni dua. Siku ya tano alifumbua macho na kumwona Mama Rachida anatazama ukutani, mbali kabisa, wala hajui anachofanya. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Mwamvita akaogopa, akaogopa kweli, maana alihisi kwamba mkono ule haukuwa unamkanda yeye.

Homa ikamwachia katika wiki ya tatu. Zile sehemu tatu hazikumwachia. Hazikuuma, lakini kila alipooga, mkono wake mwenyewe ulifika nyuma ya sikio la kushoto ukasita, na maji yakamwagika chini.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwamvita alikuwa amelala wiki tatu nzima akilishwa lituma, ndizi zile za kupondwa, na samaki wa watu, na hakulelewa hivyo. Angeweza kuzimaliza siku zake zilizobaki akinung'unika kitandani. Badala yake alimwomba Mama Rachida amfundishe kazi. Mama Rachida akasema bon, haya, aanze na sanda. Basi Mwamvita akajifunza kupima kwa shubiri vipande vitano vya mwanamke, kusaga kafuri, kuanza na upande wa kuume, kumwaga maji kwa hesabu ya witiri, tatu au tano. Alivuka mto kwa pirogi hadi Lubunga kusaidia mazishi ya bibi mmoja. Alishangaa kwamba kazi ile ilimpa usingizi mzuri.

Wiki ya tano akaja Mama Ismaël, muuza vitenge, mama mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake. Alileta habari ya furaha: baada ya Ramadhani, binti yake wa mwisho ataolewa. Mume ni Issa, yule fundi makochi. Mtu mpole, alisema, aliyekwisha kuonja msiba, atajua kumtunza mke. Kisha akamwona Mwamvita kwenye kivuli, akakumbuka huyu ni nani, akampa pole ya dada yake. Mwamvita aliitikia.

Mama Rachida alimpongeza mgeni, akamkaribisha chai. Akaongeza kwamba miguu ya msaidizi wake imevimba, msikiti unataka mwanamke mwingine wa kumwaga maji. Je, Mama Ismaël angekuja Alhamisi asubuhi, atazame tu namna kazi inavyofanywa? Kwa Waislamu wa Kabondo ombi hilo halikataliwi. Mwanamke akilikataa huambiwa amesahau siku yake mwenyewe. Mama Ismaël akakubali.

Alhamisi jua lilikuwa kali na uani hapakuwa na upepo. Mafunzo yanahitaji mwili, na mwili wa kujifunzia ni wa mtu aliye hai, amejifunika kitenge. Mama Rachida alimgeukia Mwamvita.

"Lala," alisema. "Pale dada yako alilala."

Mama Ismaël alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiyejua aliweke wapi. Mwamvita alilala. Ubao ulikuwa na baridi ambayo haikulingana na jua lile. Alifumba macho kwa sababu maiti hufumba macho, na mara moja akamsikia Safiya kwenye simu, akimuuliza kama kile chumba chao cha nyuma bado hakina mtu.

"Sasa ninakuosha uso, mama," alisema Mama Rachida, na hakuna aliyejua anasema na nani. "Wewe, mwaga maji. Pole pole."

Maji yakashuka. Mkono ukateremka shavuni, ukafika nyuma ya sikio la kushoto.

"Hapa usikamue. Hapa unaweka pamba mingi, sababu inaendelea kutoka."

Mama Ismaël akamwaga. Mkono ukashuka ubavuni.

"Hapa usilaze mukono na nguvu. Mufupa unasikika."

Akamwaga. Mkono ukachukua kifundo cha mkono wa kulia, ukakiinua kwa vidole viwili, kama kitu kisichoshikana tena vizuri na mwenyewe.

"Hapa unashika kwa chini, isianguke."

Maji yakakatika. Mwamvita hakufumbua macho, lakini alisikia birika likitua juu ya saruji.

"Kila mufu banamufanyiaka hivi?" Mama Ismaël aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Rachida.

Alichukua birika mwenyewe, akamalizia upande wa kushoto, akahesabu mara tatu, akamfunika Mwamvita kitenge hadi kidevuni. Mama Ismaël alifunga kilemba chake upya ingawa hakikuwa kimelegea, akaaga kwa heshima, akatoka. Mwamvita alilala palepale akilia bila sauti. Sasa alikuwa amejua, na alichokijua hakikuwa na mdomo wa kukisema. Alijifunza kazi, na kazi ina sharti lake. Alimwambia Mama Rachida kwamba amemdhulumu, kumpa jibu asiloweza kumpelekea mama yake.

"Mimi sikusema kitu," alijibu yule mama, akikamua kitambaa. "Nilikufundisha kazi."

Ijumaa asubuhi mtaa mzima uliona vijana wawili wanapeleka vitu kwa Issa: masanduku, sufuria, vitenge dazeni, mbuzi anayelalamika. Mahari imerudi. Sababu haikutajwa. Mama Ismaël alipoulizwa alisema binti yake bado mtoto, kana kwamba aligundua umri wake usiku ule.

Issa alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, kola imenyooka. Uani Mama Rachida na Mwamvita walikuwa kwenye somo la pili, la kukafini. Mwamvita alikuwa juu ya ubao, amefungwa sanda hadi kidevuni, nywele zimefunikwa, uso tu uko nje. Na kila mtu aliyewajua dada wale wawili alikuwa akisema ukiondoa nywele huwezi kuwatofautisha. Alisikia lango likifunguka. Akafumbua macho, akageuza shingo, akamtazama.

Issa alisimama hatua mbili ndani ya lango. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari.

"Nani alisema?" aliuliza, lakini alimuuliza yeye aliyelala.

"Hakuna mutu alisema," alijibu Mama Rachida.

Ilikuwa kweli, na Issa aliona kwamba ni kweli. Hapo mkono wake wa kushoto ukapanda, polepole, kama mkono wa mtu aliyelala usingizi. Ukapita shavuni kwake mwenyewe. Ukafika nyuma ya sikio la kushoto, ukasimama.

"Nilimusukuma tu," alisema.

Mwamvita aliendelea kumtazama. Hakupepesa macho. Issa alirudi nyuma bila kugeuka, akatafuta lango kwa mgongo, na walisikia kandambili zake zikikimbia barabarani, mchana ule, mbele za watu wanaotoka msikitini.

Mama Rachida alianza kufungua sanda kuanzia miguuni. Alisema, kama anayesema na kitambaa, kwamba anachokionyesha maiti ni siri ya maiti, lakini anachokionyesha mtu mzima mwenye miguu yake, uani kwa watu, hicho hakuna aliyemwomba amfichie.

Alasiri Mwamvita alipiga simu Ujiji. Sikio, ubavu na kifundo hakuvitaja, hajavitaja mpaka leo; hivyo ni vya Safiya. Alimsimulia mama yake mkono wa Issa uliposimama, na maneno mawili aliyoyasema.

Kisha mama yake akauliza, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu alichokiangusha: "Na wewe, mwanangu? Miezi yote ile, hakuwahi kukuambia?"

"Aliniambia, mama," Mwamvita akasema. "Nikamwambia avumilie."