Mji Usioenea Pichani

Mpiga picha huyu nilimfahamu kwa sababu nilipanga chumba juu ya studio yake, na ngazi ya kupandia chumbani ilipita ndani ya studio. Kila nilipotoka au kurudi nilikatiza nyuma ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, shingo imemkakamaa. Watu kadhaa wa mji ule wana picha za kitambulisho zenye mguu wangu kwa nyuma. Mwenyewe hakunilalamikia. Aliniambia tu, "Mzee wangu, ukipita, pita kwa heshima. Hizi picha zinakwenda serikalini."

Studio yenyewe ni chumba cha hatua nne kwa tano. Kuna pazia la bluu, kioo kilichopasuka pembe, kitana kilichofungwa msumarini kwa kamba ili kisitoroke, na koti moja jeusi la kuazima. Koti hilo limevaliwa na mji mzima. Aliye mwembamba hubanwa kwa nyuma na vibanio vya nguo, basi mbele anakuwa waziri na nyuma anakuwa kamba ya kuanikia. Kabla ya kupiga, fundi husema maneno yaleyale: "Kidevu juu. Siyo hivyo, hujaitwa polisi. Sasa fikiria jambo zuri, lakini usilicheke."

Ana miaka thelathini na moja katika kazi hiyo na mji bado unamwita Kata-Kichwa. Jina alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa yake, alipopiga picha harusi ya shemeji yake. Wakati huo picha ilikuwa ya filamu, huioni mpaka isafishwe. Iliposafishwa, ukoo mzima ulitokea vizuri, isipokuwa mama mkwe wake, ambaye ndiye mama wa bwana harusi. Yeye alitokea gauni, shanga, mkoba, na hapo juu shingoni picha ikaishia. Picha ya ukoo ilikuwa hiyo moja. Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, "Ahsante mkwe wangu, umenipumzisha kufikiri." Tangu siku hiyo hajakubali kupigwa picha naye, hata ya kitambulisho. Aliifuata mji wa pili kwa basi.

Mkewe ni fundi cherehani, anashona barazani mbele ya studio. Alikuwa akinisimulia haya mumewe akisikia.

"Mzee, mimi nimeolewa na mtu mwaminifu," alisema akivuta uzi kwa meno. "Alipima hatua, akapima mwanga, akapima kila kitu. Kichwa cha mama tu ndicho hakukipima."

"Mama watoto, alinyanyuka ghafla."

"Miaka thelathini ulisema alisimama kwenye tofali. Leo amenyanyuka."

Sasa binti yao, anayefanya kazi mbali, akamletea baba yake droni. Ni kidude cha ukubwa wa sahani ya wali, chenye pangaboi nne ndogo na kamera tumboni, na unakiongoza kwa rimoti huku ukitazama kioo kinachokuonyesha kile inachokiona kamera. Fundi alijifunza kwenye uwanja wa mpira kwa miezi miwili, akiwa na kofia ya pikipiki kichwani, kwa tahadhari. Mwisho akawa anakirusha vizuri kabisa, na habari ikafika kwa Mwenyekiti wa baraza la mji.

Niueleze kwanza mji, kwa kuwa ndio ulioleta matata. Ni mji mkongwe, nyumba za mawe za ghorofa moja moja, zimejipanga kando ya mto kama watu wanaosubiri kivuko. Zote zinatazama maji, maana zamani mgeni alikuja kwa mashua. Ofisi ya baraza iko mwisho wa juu. Nyumba ya mama mkwe iko mwisho wa chini kabisa, baada yake ni matete. Ng'ambo ya mto hakuna hata kibanda. Ng'ambo ni hifadhi.

Mwenyekiti alitaka picha moja kubwa ya safu yote, itundikwe ukumbini. Barua ya ruhusa ikaombwa, na askari wa hifadhi akaileta mwenyewe. Alikuwa mwanamama mpole mwenye sauti ya kusoma sheria.

"Utarusha asubuhi moja tu, ya Alhamisi, saa moja hadi saa moja na nusu," alisema. "Ng'ambo ndege wanataga, hawataki mvumo. Usipande kupita mnara wa maji. Na usivuke katikati ya mto."

"Hata kidogo?"

"Kidogo ni kiasi gani, baba?"

Fundi akaikunja barua akaitia mfukoni. Jioni ile alikodi mtumbwi, akaingia na kipande cha boksi alichokitoboa tundu la pembe nne, awe anatazama mji kwa mfano wa kamera. Nilikwenda naye. Mpiga kasia alitupeleka mpaka katikati ya mto. Fundi akaweka boksi jichoni.

"Rudi nyuma kidogo," akasema, kama anavyowaambia wateja.

Mpiga kasia akarudi nyuma.

"Kidogo tena."

"Nikirudi tena, fundi, utapiga picha ya pingu."

Pale katikati ya mto mji haukuenea. Akiipata ofisi, anaikosa nyumba ya mama mkwe. Akiipata nyumba ya mama mkwe, ofisi inabaki nje na bendera yake. Alijaribu mara saba, akashusha boksi, akaniangalia kwa uso wa mtu aliyemeza kokwa. "Mzee," akasema, "nitamkata tena."

Binti yake alimwambia kwa simu kwamba inawezekana kupiga vipande vipande, mashine ikaviunga. Alijaribu uwanjani. Mashine iliunga vizuri, ila mbuzi aliyekuwa akitembea wakati ule alitokea na miguu sita. Fundi akaifuta picha. "Mteja anakuja na miguu miwili, anaondoka na miwili," alisema. "Siwezi kuwarudishia watu mji wenye viraka."

Siri ya mji mdogo hulala usiku mmoja tu. Asubuhi Mwenyekiti alikuwa studio, amekaa kwenye kigoda cha wateja, kidevu juu bila kuambiwa.

"Fundi, mji huanzia wapi?"

"Inategemea umetokea wapi, Mwenyekiti."

"Mji huanzia ofisini. Kwingine ni kuendelea. Ukikata huko kwenye matete, nani ataona?"

"Ataona mama mkwe wangu."

"Mama mkwe ni mmoja, wananchi ni wengi."

"Wananchi sili nao Jumapili," alisema fundi.

Mama mkwe naye hakuja. Alimtuma binti yake, yaani mke wa fundi, na ujumbe ambao mke aliufikisha huku akihesabu vifungo. "Mama anasema nyumba yake ilikuwepo wakati ofisi ni ghala la ngozi. Anasema pia hakuombi kitu. Anakujulisha tu kwamba amepaka mlango rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani. Na baba watoto, amepanda ngazi mwenyewe, na goti lile bovu."

Wiki nzima mji ulijipamba. Walipaka milango, wakaondoa matairi mabovu, mwenye duka la dawa akaosha ubao wake kwa sabuni. Baadaye mtu mmoja akakumbuka kwamba droni inatazama kutoka juu, ikawa heka heka, watu wakapanda mapaa kufagia majani na kushusha ndoo, redio na mabaki ya vitanda. Fundi alipita nyumba kwa nyumba akiukagua mji kama anavyokagua familia. "Hiyo nguo ianuliwe. Hilo dirisha lifunguliwe, limesinzia." Mchana aliwaamuru wengine, usiku nilimsikia chini yangu akitembea, hatua nne kwa tano.

Alhamisi saa moja kasoro robo, Mwenyekiti alikuwa ameweka meza mbele ya ofisi, na kitambaa mezani, na kiti cha fundi. Watu walijaa. Askari wa hifadhi alisimama pembeni na saa yake mkononi. Mama mkwe hakuonekana. Aliyekuwa ametumwa kumwita alirudi na jibu: "Anakunywa chai. Anasema yeye alishapigwa picha moja na fundi, inatosha."

Droni ikanguruma, ikapanda, ikaenda mpaka katikati ya mto ikasimama. Nilikuwa bega kwa bega na fundi nikitazama kile kioo. Ofisi ilitokea imenyooka, bendera inapepea. Upande wa pili, nusu ya ukuta wa mama mkwe, na ule mlango wa kijani umebaki nje.

"Piga," alisema Mwenyekiti.

Fundi alisogeza kushoto. Mlango ukaingia, bendera ikatoka.

"Umeharibu. Rudisha."

Dakika kumi zilipita hivyo, kushoto, kulia, kama mtu anayefunika miguu kwa blanketi fupi. "Kumi na nane zimebaki," alisema askari wa hifadhi. Ndipo fundi alipoacha kusogeza, nikamsikia akinong'ona, siyo kwangu: "Hivi ukoo wa watu ishirini naupigaje mle studio?"

Nilikuwa nimeshaona anavyoupiga. Haupangi mstari, maana chumba hakiutoshi. Anaugeuza ubavu, mkubwa wa ukoo anakaa mbele kabisa karibu na kamera, wengine wanafuatana nyuma yake mpaka wa mwisho anagusa pazia.

Fundi akasimama. Akaishusha droni mezani, kwenye kile kitambaa, akaichukua kwapani, rimoti ikining'inia shingoni, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa chini. Watu wakamfuata. Mwenyekiti naye akafuata, akisema, "Fundi, meza iko huku." Barabara ile ya mtoni si fupi, na fundi si kijana. Alipofika kwenye matete alikuwa anahema kama mvukuto, na askari alitangaza dakika sita.

Aliirusha kutoka hapo, ikapanda juu ya maji, upande wetu wa mto, akaigeuza itazame juu kule tulikotoka. Nyumba zote zikaingia, zimefuatana, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo kidogo, zikipungua mpaka mwisho. "Kidevu juu," alisema fundi kwa sauti, na ninaapa watu waliokuwa nyuma yake waliinua. Akapiga mara tatu. Dakika moja ilikuwa imebaki, lakini hakuitumia, akaishusha droni.

Picha ilikuja imechapwa kubwa kama mlango. Mwenyekiti aliikunjua kwenye meza ya baraza, akavaa miwani.

"Ofisi iko wapi?"

Fundi akaonyesha.

"Hiki?"

"Hicho ni choo cha ofisi, Mwenyekiti. Ofisi ndiyo hii ya kando."

Mwenyekiti alikaa muda mrefu ameinama. Ofisi yake ilikuwa sawa na kiberiti, na mbele ya yote, robo nzima ya picha, ulikuwepo mlango wa kijani, na ngazi zake, na birika kwenye dirisha. Alisema kwamba picha ya mji ambayo baraza linatafutwa kwa kidole haiwezi kutundikwa ukumbini. Akaikunja, akamrudishia.

Fundi akarudi nayo kwapani, akaisimamisha pembeni ya studio, ikakaa hapo siku mbili. Hakumkata mtu, na bado kazi ilikuwa imekataliwa. Siku ya tatu mama mkwe alikuja mwenyewe kwa miguu, goti na yote, akasimama mlangoni.

"Nimesikia nyumba yangu ni kubwa mno," alisema. "Niione."

Aliiona. Aliitazama akianzia chini kushoto, kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Fundi alisimama karibu na kitana akakichezea. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi, sikuthubutu kushuka wala kupanda.

"Bomba la maji ya mvua limening'inia," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Nani alitakiwa kuniambia?"

"Mimi, mama."

"Mlango umekaa vizuri." Akatazama tena. "Na hawa wote nyuma yangu wamo? Mwenye duka la dawa? Wale wa kona?"

"Wote, mama. Hakuna aliyebaki nje."

Akainua kichwa. "Ibebe."

Ikatundikwa sebuleni kwake. Mji mzima ukahamia huko, kila mtu akitafuta dirisha lake, na mama mkwe akiwa na kijiti mkononi akiwaelekeza: "Anza kwangu, hesabu kumi na moja, hapo ni kwenu. Ile ndoo hukuishusha." Mwenyekiti alikuja Jumatatu, kuangalia tu. Akaja Jumatano, akala karanga. Ijumaa alikuja na wageni wawili, akakaa mpaka jioni.

Jumapili ile nilialikwa mezani pamoja na fundi na mkewe. Mama mkwe aliondoa sahani, akaweka karatasi na kalamu mbele ya mkwewe.

"Waandikie watu wa hifadhi. Ndege wakishalea na kuondoka, wakupe asubuhi nyingine. Safari hii usimame juu, kwenye ofisi. Ofisi ndiyo iwe mbele, iwe kubwa apendavyo Mwenyekiti, aitundike kwake. Karanga zangu zimekwisha."

Fundi alishika kalamu, lakini hakuandika. "Mama, kutoka kule nyumba yako itakuwa hivi." Akaonyesha ukucha wa kidole gumba.

Mkewe akaacha kutafuna.

Mama mkwe aliuangalia ule ukucha, kisha akautazama ukuta wa sebule yake.

"Andika," alisema. "Mimi kuonekana nimeshaonekana. Na weka 'tafadhali' mbele, yule mama askari ana sauti ya mtu anayependa kuombwa vizuri."